Mzee aliyeacha kutembea baada ya kuugua, msimkatie tamaa: yaliyonikuta Newala, na naomba mlete na yenu

Mwalimu Mstaafu, Newala (mleta uzi):

Wanajukwaa, habari za saa hizi. Wazee wenzangu mliomo humu nawaamkia kwa heshima, na vijana nawasalimu.

Kuna jambo naliona huku kwetu Kusini mwa Tanzania karibu kila mji ninaoingia. Mzee anaugua, pengine malaria kali, pengine nimonia, pengine ameanguka. Anatibiwa, ugonjwa unaisha, anarudi nyumbani. Lakini hatembei tena. Watu wanasema ndio uzee huo. Anatengewa chumba cha uani, anawekewa beseni, anapewa mjukuu wa kumchungulia, na habari yake inaishia hapo. Mimi nasema isiishie hapo. Wengi wa hao niliowaona, kilichowabakiza kitandani baada ya ugonjwa kwisha ni mapenzi ya watoto wao, na nguvu waliyoipoteza inaweza kutafutwa ikapatikana, yote au sehemu yake.

Nina miaka 73. Nilivunjika mfupa wa paja, pale juu karibu na nyonga, msimu wa korosho. Nilikuwa chini ya mkorosho naokota, nikakanyaga mabibo yaliyooza, nikaenda chini kwa ubavu. Nikafanyiwa upasuaji, mfupa ukashikizwa kwa chuma. Upasuaji ulikwenda vizuri, na mpaka leo namshukuru Mungu na mikono ya wale madaktari. Shida ilianza nyumbani. Niliporuhusiwa tuliambiwa nipumzike, na hakuna aliyetueleza nipumzike kwa namna gani wala mpaka lini.

Mke wangu, binti zangu na wapwa zangu wakapangiana zamu. "Mjomba, usiguse kitu." Chakula kitandani, kuoga kitandani, haja kitandani. Nikitaka kukaa tu ukingoni mwa kitanda, mtu anakuja mbio kunilaza, kwa huruma kabisa. Mvua zote za mwaka ule zilinikuta chali, nasikiliza bati.

Siku niliyoambiwa mfupa umeunga na nisimame, niliinuliwa na watu wawili. Mguu uliovunjika uliuma kidogo tu. Ulionishinda ni ule mzima. Ulitetemeka, goti likalegea, nikarudishwa kitandani. Nawaomba mlishike hilo, maana ndilo lililonifungua macho: mguu ambao haukuwahi kuumia nao ulikuwa umeishiwa nguvu.

Maneno yakaanza. Wengine walisema chuma kimekaa vibaya. Wengine wakasema kuna mtu kafukia kitu kwenye mpaka wa shamba, maana mikorosho huleta ugomvi, nyote mnajua. Sikumbeza mtu. Ila mimi nimefundisha hesabu na sayansi miaka mingi, nikajiuliza: kama tatizo ni chuma cha mguu mmoja, mbona mapaja yote mawili yamekonda sawasawa?

Aliyenijibu ni mtaalamu wa fiziotherapia, hawa ambao wengi tunawaita madaktari wa mazoezi. Alikuja nyumbani. Alinipima mapaja kwa futi ya fundi cherehani, akanigonga magoti kwa nyundo yake ndogo, akaangalia kama nasikia akinigusa nyayo. Akasema mishipa ya fahamu iko salama, mfupa umeunga, ila misuli imeondoka. Akanieleza kwamba mwaka 2007 ulichapishwa Marekani utafiti wa wazee 11 wenye afya njema, wastani wao miaka 67, waliokubali kulala kitandani siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni. Na wale walikuwa wazima, wanakula vizuri. Sasa mzee wa kwetu aliyelala tangu watu wanaokota korosho mpaka mvua zinakatika, akilishwa uji, atakuwa amebakiwa na nini?

Nikamuuliza kama kwa umri wangu nyama hiyo inarudi. Akanitajia utafiti mwingine, wa mwaka 1990, wa Boston. Walichukuliwa wazee 10 waliokuwa wakiishi kwenye makao ya wazee, umri miaka 86 hadi 96, wakafanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Mmoja aliachia njiani. Waliobaki, nguvu za mapaja zilipanda kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao wakaacha fimbo zao. Alipoondoka nilimwambia mjukuu anitafutie habari ile kwenye simu, nikaisoma mwenyewe. Nilichokiona humo, na ndicho kinachosahauliwa sana, ni kwamba wale wazee hawakupewa mazoezi ya kupunga mikono hewani. Walinyanyua uzito wa kweli, karibu asilimia 80 ya kile ambacho kila mmoja angeweza kukiinua mara moja kwa nguvu zake zote. Mzee akipewa kazi nyepesi mno, misuli haina sababu ya kukua.

Kwangu kazi ilianza na kitanda. Kilikuwa cha kamba, cha chini, kimebonyea katikati, na mtu mwenye mapaja dhaifu hajinasui humo. Vijana wakakiinua kwa matofali, wakalaza mbao chini ya godoro. Nikakaa ukingoni, nyayo zimekanyaga sakafu sawasawa. Zoezi lenyewe ni kuinuka na kukaa, basi, ila lina namna yake. Makalio yasogee mbele ukingoni. Nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti. Kifua kiiname mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo usukume ardhi. Wazee wengi hushindwa kwa sababu wanainuka huku wameegemea nyuma, wanangoja kuvutwa mikono. Na wakati wa kukaa usijibwage. Shuka taratibu, paja lifanye kazi hata likishuka.

Mwanzo nilisukuma kwa mikono miwili, baadaye mmoja, baadaye nikaikunja kifuani. Kisha wakaanza kupunguza matofali, kitanda kikashuka, kazi ikaongezeka. Mke wangu alishona vifuko vya kitenge tukavijaza mchanga, nikawa navifunga vifundoni nikiwa nimekaa na kunyoosha goti. Kikiwa chepesi, mchanga unaongezwa. Uani wakasimika mianzi mistari miwili, kimo cha nyonga, nikawa napita katikati, mkono huku na mkono huku. Mazoezi mazito nilifanya siku moja na kuruka siku moja, misuli ipate kujijenga. Kutembea kulikuwa kila siku, asubuhi kabla jua halijawa kali na tena jioni.

Hofu nayo ilinisumbua kuliko misuli, na sijui kwa nini haizungumzwi. Mtu aliyeanguka akavunjika haiamini tena ardhi. Anatembea ametazama nyayo, anakamata kila ukuta, hatua fupi fupi, uzito wote ameurudisha nyuma, na mkao huohuo ndio unaomwangusha tena. Mzee wa namna hiyo msimvute mkono. Mfungeni kitenge kiunoni, fundo imara. Anayemsindikiza asimame kando na nyuma kidogo, upande ulio dhaifu, amekishika kile kitenge. Mzee akiyumba anazuiwa kiunoni, na mikono yake inabaki huru. Nilipojua kuna mtu kashika kitenge changu, macho yangu yaliacha nyayo yakatazama mbele.

Leo natembea kwa fimbo. Ijumaa nakwenda msikitini kwa miguu, nasali nimeketi kwenye kiti kwa kuwa kuinuka kutoka sijida bado kunanishinda. Shambani nafika, kuokota nimewaachia vijana. Shimo la Mungu, lile genge la hapa Newala, nimefika, nikasimama kuitazama Ruvuma kule chini, jambo nililolitamani sana nikiwa nimelala. Sikurudi kama nilivyokuwa na sitaki kumdanganya mtu. Lakini chooni nakwenda mwenyewe. Aliyewahi kulala akingoja mtu aje ampeleke chooni ananielewa.

Karibuni. Mwenye mzee nyumbani aeleze hali yake, na kama yumo mtaalamu atusahihishe.

Mjukuu wa Mikindani:

Shikamoo babu. Nimesoma neno kwa neno, Mungu akuzidishie.

Bibi yangu alipata kiharusi upande wa kushoto, sasa ni zaidi ya nusu mwaka. Mkono umekunja, mguu unasogea kidogo tu. Nyumbani wanasema muda wa kupona umeshapita, kwa hiyo tumebaki kumchua kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Ni kweli muda umepita?

Mwalimu Mstaafu, Newala:

Marahaba mjukuu wangu, pole sana kwa kuuguza. Kiharusi sina elimu nacho, tumngoje anayejua. Kumchua msiache, kunampa faraja na anaona anapendwa. Ila misuli haijengwi kwa kuchuliwa na mtu mwingine. Hata kama ni kidogo kiasi gani, yeye mwenyewe asukume.

Fizio wa Lindi:

Shikamoo Mwalimu. Mimi kazi yangu ndiyo hii ya fiziotherapia, na nimefurahi kuona mgonjwa anaieleza vizuri kuliko tunavyoieleza sisi wodini.

Mjukuu wa Mikindani, ni kweli kwamba baada ya kiharusi sehemu kubwa ya nguvu hurudi ndani ya miezi 3 ya mwanzo, ndiyo maana tunapiga kelele watu wasikae nyumbani kusubiri. Lakini mlango haufungwi siku ile miezi 3 inapotimia. Watu huendelea kupata nafuu baada ya hapo, polepole zaidi, mradi wanafanyishwa kile wanachotaka kukirudisha. Anayetaka kutembea afanyishwe kusimama na kutembea. Kuchezesha vidole kitandani peke yake hakutamtembeza mtu.

Bibi akaeni naye kwenye kiti imara, wala asishinde amelala. Mguu wa kushoto uwekwe sawa chini, na anapoinuka mwambieni auwekee uzito huo mguu wa kushoto, maana mwili utataka kuukwepa na kutumia wa kulia tu. Bega la kushoto msilivute hata kidogo mkimnyanyua. Bega lililolegea kwa kiharusi linachomoka kwa urahisi, likishauma anakataa mazoezi yote. Na presha ipimwe na dawa zisikatike akionekana ana nafuu. Kiharusi cha pili ndicho kinachotuharibia kazi.

Mwalimu, nyongeza moja kwenye habari ya nyonga. Mahali penye uwezo, mgonjwa aliyefungwa mfupa wa nyonga kwa upasuaji anaketishwa na kusimamishwa kesho yake, na upasuaji wenyewe hautakiwi kuchelewa zaidi ya siku 2. Sababu si misuli tu. Mzee akilala chali muda mrefu, makohozi yanatuama kifuani anapata nimonia, damu inaganda kwenye mishipa ya miguu, na ngozi ya makalio na visigino inaoza. Asiyeweza kabisa kuinuka ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana.

Mpwa wa Masasi:

Mwalimu heshima yako. Lakini mimi naona tuwe na kiasi. Mjomba wetu ana miaka 88. Amelima, amesomesha, ametuoza. Leo hii kumsimamisha anaguna na kulalamika ni kumtesa. Mtu akifika umri ule ahudumiwe, alale, apumzike. Sisi tupo, hatujachoka.

Mwalimu Mstaafu, Newala:

Mpwa wangu, adabu yako naiona na mjomba wako ana bahati. Hata hivyo nitakubishia kwa moyo wote.

Umemuuliza yeye? Siongelei kumuuliza kama anataka mazoezi, maana hapo atakataa, hata mimi nilikataa. Muulize anataka kwenda wapi. Mimi nilitaka msikitini na shambani. Kuna bibi jirani yangu hapa alitaka kitu kimoja tu, kukaa barazani awaone watu wanaokwenda gulioni. Kwake mazoezi yote yalikuwa ni safari ya kitandani mpaka barazani, na alifika. Ukishajua mzee anataka kufika wapi, unajua umsaidie kiasi gani.

Anayekaribia kukata roho, au aliyechoshwa na saratani, huyo mwacheni kwa amani yake. Lakini mzee ambaye anakula, anazungumza, anakumbuka madeni ya watu, miaka 88 haitoshi kuwa sababu ya kulala. Kuguna nako tukusikilize vizuri. Kuna kuguna kwa kazi ngumu na kuna kuguna kwa maumivu. Maumivu yana sababu yake, itafutwe.

Dada wa Nachingwea:

Shikamoo Mwalimu, na Fizio asante. Wa kwetu ni mama, miaka 66, hajaanguka wala kuugua. Ni magoti. Wanasema yameisha ute. Alianza kwa kuacha kwenda shamba, akaacha kwenda kisimani, sasa hata nje hatoki. Anaishi kwa diklofenaki za dukani, anameza kila siku. Anaogopa akitembea atayamaliza kabisa.

Fizio wa Lindi:

Dada, umeeleza mtelemko ambao tunauona kila siku. Goti linauma, anaacha kutembea, paja linakonda, goti linakosa wa kulishikilia, linauma zaidi.

Magoti ya mama yana usagikaji, ndio, gegedu, yaani ule mfupa laini wa kwenye kiungo, imepungua. Lakini kutembea kwa kiasi hakuyamalizi. Paja likiwa na nguvu maumivu hupungua, hilo limethibitishwa vizuri na ndilo tiba ya kwanza kabla ya sindano au upasuaji. Aanze kama Mwalimu alivyoanza, kiti cha juu, kuinuka na kukaa. Maumivu yakipanda kidogo wakati wa mazoezi na yakatulia kufikia kesho yake, aendelee. Yakibaki makali kesho yake, apunguze kazi, asiache. Kama ana uzito mkubwa, kila kilo anayopunguza goti linaisikia.

Kinachonitia hofu ni hizo diklofenaki za kila siku. Kwa mtu wa umri huo zinaweza kutoboa tumbo likavuja damu, zinaumiza figo na zinapandisha presha. Mpelekeni apimwe presha na figo, na daktari ampangie dawa nyingine.

Kijana wa Tandahimba:

Wakuu samahani, naomba kuuliza tofauti. Shangazi yangu miaka 61, miguu imekuwa kama imekaza na ganzi inapanda, imeanza mwezi uliopita na inazidi. Majirani wanasema ni konzo kwa sababu tulikula sana muhogo mchungu mwaka ule wa njaa. Mgongo pia unamuuma usiku.

Fizio wa Lindi:

Kijana, huyo mpeleke hospitali wiki hii, usingoje mshahara. Konzo ni ya kweli na mkoa wa Mtwara uliwahi kupata milipuko yake mwanzoni mwa miaka ya 2000, muhogo mchungu usioandaliwa vizuri ukiliwa mfululizo wakati wa ukame bila kitoweo cha maana. Lakini konzo humpata mtu ghafla, mara nyingi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, miguu yote miwili inakaza, kisha inabaki palepale. Haizidi wiki hadi wiki. Ya shangazi inazidi, kuna ganzi, na mgongo unauma usiku. Hapo tunafikiria uti wa mgongo kubanwa. Inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kina dawa na zinatolewa bure. Muulize kama anakonda, anatoka jasho usiku au ana homa za jioni.

Na ikitokea mkojo unamponyoka au umeziba, au hasikii sehemu anayokalia, hapo hakuna wiki. Ni siku hiyohiyo.

Kijana wa Tandahimba:

Amekonda, ndio. Nashukuru. Kesho asubuhi tunaondoka.

Mtoto wa Mingoyo, niko Dar:

Mwalimu shikamoo. Mimi niko mbali, natuma hela ya matumizi na nimemwekea baba binti wa kumsaidia. Baba alitoka nimonia, miguu imekonda hivihivi unavyosema. Binti ana moyo mzuri lakini hajui la kufanya. Nianze na nini kwa hela kidogo? Nilitaka kununua woka, ile fremu ya kushikilia wakati wa kutembea.

Mwalimu Mstaafu, Newala:

Marahaba. Woka ingoje kwanza, uone uani pakoje. Kwenye sakafu inafaa sana. Kwenye mchanga wetu huu ile miguu inazama, na yenye magurudumu ndiyo mbaya zaidi, mzee anaisukuma mbele yeye anabaki nyuma. Kama uani ni mchanga mtupu, anza na fito za kushikilia toka mlangoni mpaka chooni.

Na choo ndicho ningeanza nacho. Wazee wengi wanaacha kutembea kwa sababu mwisho wa safari kuna shimo la kuchuchumaa, na akishachuchumaa hainuki. Anaona bora beseni.

Mama wa Mtama:

Hapo kwenye choo nina la kusema maana nilimuuguza mama mkwe. Chukua kiti cha plastiki kigumu, kile chenye mikono, mwambie fundi atoboe tundu katikati ya kikalio na alainishe kingo zisimkate. Kiweke juu ya shimo. Kama sakafu inateleza, miguu ya kiti izamishwe kidogo kwenye saruji isitembee. Ukutani fundi apigilie mti wa kushikilia, imara, wenye kubeba uzito wa mtu. Mama mkwe alianza kwenda mwenyewe wiki ileile, tulikuwa tunadhani miguu imekufa kumbe alikuwa anaogopa shimo.

Na usiku taa. Taa ndogo ya sola njiani.

Fizio wa Lindi:

Mama umemaliza kazi yangu. Niongeze macho: mzee asiyeona vizuri ataanguka hata akiwa na mapaja ya chuma. Mtoto wa jicho unafanyiwa upasuaji mfupi, mpelekeni apimwe. Dawa nazo ziangaliwe. Dawa za presha na za usingizi huleta kizunguzungu anapoinuka ghafla, kwa hiyo akiamka akae kwanza ukingoni, achezeshe nyayo, ndipo asimame.

Chakula pia. Huku mgonjwa tunampa uji na ugali wa muhogo, na muhogo hauna protini ya maana. Mzee anayejenga misuli anahitaji gramu 1 hadi 1.2 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 50 ni gramu 50 hadi 60, na yai moja lina kama gramu 6 tu, kwa hiyo yai la asubuhi halitoshi. Mbaazi tunazo, kunde, choroko, dagaa, samaki, korosho zenyewe. Zigawanywe kila mlo. Asiye na meno asagiwe dagaa kwenye uji. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Kumwona mtaalamu, ulizeni fiziotherapia kwenye hospitali za rufaa za mikoa, Sokoine kwa Lindi na Ligula kwa Mtwara. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo, serikali ya mtaa au kijiji ndiyo inayomtambulisha, na hospitali ina dirisha la wazee.

Mjukuu wa Mikindani:

Babu, fimbo ya bibi aishike mkono gani? Na urefu wake? Iliyopo ni ya marehemu babu, naona ndefu.

Mwalimu Mstaafu, Newala:

Mkono wa upande mzima, mjukuu wangu, yaani kulia, kwa kuwa mguu mbovu ni wa kushoto. Watu wengi wanaiweka upande wa mguu mbovu, na haiwabebi. Fimbo na mguu mbovu vinakwenda pamoja, kisha mguu mzima unafuata. Kwenye ngazi, kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mbovu pamoja na fimbo.

Urefu: asimame wima amevaa viatu vyake, mkono umening'inia. Kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Kama ya babu ni ndefu, ikateni bila huruma. Chini iwekeni mpira, na kwa mchanga wa Mikindani tafuteni kipande kipana cha tairi, kipigiliwe vizuri kisichomoke.

Mtoto wa Mingoyo, niko Dar:

Nimemwita fundi wa kiti cha choo, anakwenda kesho. Swali la mwisho. Baba akianguka akiwa na yule binti peke yao, afanye nini? Hawezi kumbeba.

Fizio wa Lindi:

Asimbebe. Kwanza wote watulie, aangalie kama baba anazungumza sawa na kama kuna maumivu makali. Akiwa salama, ageuke alale ubavu, ajisukume mpaka apige magoti na mikono, kama mtoto anayetambaa. Binti amsogezee kiti imara mbele yake. Baba aweke mikono juu ya kiti, alete mguu wenye nguvu mbele nyayo ikanyage, asukume. Binti alete kiti cha pili nyuma yake, baba akae. Asisimame tena mpaka kizunguzungu kiishe. Wafanye majaribio siku ambayo hajaanguka, juu ya godoro, ili wote wawili wawe wanajua.

Lakini kama nyonga inauma na mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake, au unyayo umegeukia nje, hapo asiinuliwe kujaribiwa kusimama. Wawaite majirani, wamlaze juu ya ubao au mlango, miguu ifungwe pamoja kwa kanga na mto katikati, apelekwe hospitali hivyohivyo.